Kunakili picha ya Juan de Pareja kwenye kitambaa cha marekani

11 Januari 2025

Nimeamua kujifunza rangi ya mafuta kwa kunakili picha moja mpaka mwisho. Nimewahi kuanza michoro mingi ya penseli nikaiacha njiani, kwa hiyo safari hii ni picha moja, na kila hatua ikiisha naandika hapa, gharama ikiwemo.

Picha ni ya Juan de Pareja, iliyochorwa na Diego Velázquez, mchoraji wa Hispania, akiwa Roma mwaka 1650. Sasa iko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Nimeichagua kwa sababu ya ngozi. Mafunzo mengi ninayoyapata yanaonyesha namna ya kuchora mashavu ya waridi, na mimi sina ndugu hata mmoja mwenye mashavu ya waridi. Pareja alikuwa mtu mwenye asili ya Afrika, mzaliwa wa Antequera huko Hispania, na wakati picha hii inachorwa alikuwa mtumwa wa Velázquez, akimsaidia kazi za karakana. Antonio Palomino, aliyeandika habari za wachoraji wa Hispania mwaka 1724, anasimulia kwamba picha ilipoonyeshwa Roma watu walisema nyingine zote ni picha, hii peke yake ni kweli. Tarehe 23 Novemba mwaka huohuo wa 1650 Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru, ila kwa sharti kwamba atumike miaka minne zaidi kwanza. Hiyo minne nimeifikiria sana.

Leo nimepakua picha, nimeipeleka kuchapishwa kwa ukubwa wa A3 (shilingi 5,000), na fundi seremala wa mtaani amenitengenezea fremu ya 45 kwa 35 (10,000). Kwa nini 45 kwa 35? Kwa sababu ndiyo mbao aliyokuwa nayo. Kumbuka jibu hilo.

18 Januari

Nimepoteza wiki. Nilichora miraba 7 kwenda chini na 6 kwenda pembeni juu ya nakala ya karatasi, nikachora idadi hiyohiyo kwenye fremu, nikahamisha mistari mraba kwa mraba kwa uangalifu wote. Nilipomaliza, Pareja alikuwa na uso mrefu kama mtu aliyetoka kuugua. Nikafuta, nikarudia, uso ukabaki mrefu.

Tatizo lilikuwa kwenye vipimo, wala halikuwa la mkono. Picha halisi ina urefu wa sentimita 81.3 na upana wa 69.9. Ukigawanya unapata 1.16. Fremu yangu, 45 kwa 35, inatoa 1.29. Kwa hiyo "miraba" yangu haikuwa miraba. Ilikuwa mistatili, na kila nilichohamisha kilivutwa kwenda juu kwa asilimia 10 hivi. Uso wa mtu haukusamehe hata asilimia 3.

Dawa: pima picha halisi kwanza, fremu baadaye. Kwa hii, 42 kwa 36 inakaa vizuri: miraba 7 kwa 6, kila mmoja sentimita 6 kamili. Fremu mpya, 10,000 nyingine. Fundi amecheka akaniuliza kama ile ya kwanza naitaka. Nimemwachia.

26 Januari

Kitambaa. Kanvasi zilizo tayari dukani ni ghali kwa mtu anayejua ataharibu, kwa hiyo nimenunua marekani, ule wa pamba usiopaushwa ambao bibi zetu waliujua kwa jina la nchi ulikotoka kwenye majahazi. Mita mbili kwa 4,500 kila moja. Chagua uliofumwa kwa kubana. Uinue juani, ukiona matundu mengi uache. Ufue kwanza kwa maji ya moto ili usinywee ukiwa umeshauvuta, kisha uugonge kwenye fremu kwa misumari midogo kuanzia katikati ya kila upande kwenda pembeni.

Msingi ndio wenye kazi. Mafuta yakigusa pamba tupu yanaiozesha taratibu, na rangi inanywewa inabaki kama chaki. Nilipaka kwanza gundi nyeupe ya seremala iliyopunguzwa kwa maji, ikakauka. Kisha rangi nyeupe ya maji ya ukutani niliyoichanganya na chokaa laini ya unga na gundi kidogo. Koti mbili, msasa, koti mbili tena. Nilipozidisha chokaa kwenye koti ya kwanza ilipasuka kwenye kona nilipokunja kitambaa. Punguza mpaka mchanganyiko uteleze kama uji mwepesi. Vifaa vyote vya msingi, msasa ukiwemo: 14,000.

2 Februari

Hili litawachekesha wanaojua. Nimeingia duka la vifaa vya ujenzi nikaomba rangi ya mafuta.

"Ya nyumba au ya gari, dada?"

Nikasema ya picha. Akanipa kopo dogo la nyeusi inayong'aa, ya milango na madirisha, 7,000, akaniambia wachoraji wote wanatumia hiyo. Na hakudanganya. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 hapahapa Dar es Salaam alitumia rangi za namna hiyo juu ya mbao za dari, na mtindo uliobeba jina lake bado unazitumia. Zinakauka haraka, zina rangi kali, zinang'aa. Ila kwa Pareja hazifai: zinakauka kabla hujalainisha mpaka kati ya kivuli na mwanga, na ukichanganya tatu unapata tope. Kopo nimemgawia mdogo wangu akapaka geti.

Ninachohitaji ni rangi za wachoraji, za tyubu. Nimezipata duka la vifaa vya sanaa. Sikununua boksi la rangi 24. Nimechukua tyubu sita kubwa: nyeupe ya titani (24,000), okari ya manjano, nyekundu ya udongo, amba ya kuchoma (kahawia nzito), buluu ya ultramarini na nyeusi ya mfupa (18,000 kila moja). Rangi ya Velázquez katika picha hii ni ya mtu asiye na papara: udongo, nyeusi, nyeupe, basi karibu yote. Nyeupe yake ilikuwa ya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Titani ni salama zaidi lakini ina nguvu mno, na hilo litanirudia hapo mbele.

Brashi nne, 22,000. Za nywele ngumu tatu, laini moja. Tapentaini nusu lita, 5,000. Mafuta ya kitani yalikuwa 19,000 kwa kichupa kidogo, nikaona hapana.

9 Februari

Mchoro wa mkaa wa jikoni, vipande vyembamba. Uso safari hii ni wa kwake. Nikaupitishia amba nyepesi, kisha nikatia vivuli vyote kwa amba tupu, bila rangi nyingine. Hatua hii ilikwenda vizuri kiasi kwamba nilijisifu kwa watu.

Kwa kuwa sikununua mafuta ya kitani, nililainisha rangi kwa mafuta ya alizeti ya jikoni. Nilisoma kwamba wachoraji wa zamani walitumia mafuta ya mbegu mbalimbali. Alizeti ni mbegu.

8 Machi

Mwezi mzima. Picha haijakauka.

Siyo kwamba ina unyevunyevu. Inanata kama asali. Kwenye paji la uso kuna mbu mmoja na sisimizi wawili, na shavuni vumbi lote la barabara yetu. Kumbe rangi ya mafuta haikauki kama nguo, kwa maji kuondoka. Inakauka kwa mafuta kula hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa ngozi ngumu. Kitani kinafanya hivyo kwa siku chache. Alizeti ni mzito sana katika hilo, na haya ya kukaangia yaliyosafishwa ndiyo kabisa.

Kisha nikafanya kosa juu ya kosa. Niliona niifute nianze upya, tapentaini ilikuwa imebaki kidogo, nikanunua thina ya rangi za magari (4,000) kwa kuwa ilikuwa karibu. Ilifuta alizeti, ikafuta amba, ikaendelea ikala na msingi mpaka marekani ikaonekana. Dakika mbili. Na harufu ilitutoa wote nje, mama akiwa kwenye futari. Ndugu msomaji, thina na tapentaini si kitu kimoja.

Kitambaa nimekibandua. Marekani iliyobaki inatosha, fremu ni nzima. Kesho nakwenda kununua kile kichupa cha 19,000 nilichokikimbia.

22 Machi

Msingi upya, mchoro upya, amba upya. Kazi iliyonichukua wiki nne mwanzoni imechukua siku tisa. Amba kwa mafuta ya kitani ilikauka kwa siku mbili. Amba ina madini yanayoharakisha kukauka, ndiyo maana watu wanaipenda kwa tabaka la chini.

Jambo la usalama, wala si la mzaha: kitambaa chenye mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa kwenye kapu. Yakikauka yanatoa joto, na matambara yaliyorundikwa yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Mimi nayaloweka kwenye maji kisha nayaanika moja moja juu ya ukuta wa nje.

5 Aprili

Ngozi, jaribio la kwanza. Nilikuwa nachora usiku baada ya kazi, nikiangalia picha kwenye simu. Usiku nikaridhika. Asubuhi nimeitoa barazani, Pareja ana homa ya manjano.

Niliilaumu okari, kisha macho yangu, kisha taa ya ndani. Mdogo wangu ndiye aliyeshika simu yangu akasema, "Dada, mbona umeweka ile ya kupumzisha macho?" Ikifika saa moja jioni simu yangu inageuza skrini kuwa ya njano ili nipate usingizi. Mimi nilikuwa nanakili skrini kwa uaminifu mkubwa.

Halafu ikaja ya pili. Nilipozima hiyo, picha bado ilikuwa ya njano kuliko nakala nyingine nilizoziona. Nikagundua niliyopakua mwanzoni ilitokana na nakala ya zamani. Jumba la New York lilinunua picha hii mnadani London mwaka 1970 kwa zaidi ya pauni milioni mbili, na iliposafishwa vanishi ya njano iliyokuwa imeifunika iliondolewa. Chini yake kulikuwa na kijivu kizuri cha ubaridi. Iligundulika pia kwamba sehemu ya kitambaa ilikuwa imekunjwa nyuma, juu na ubavuni, kwa hiyo nakala za kabla ya hapo zimembana mtu kichwani. Tangu 2017 jumba lenyewe linatoa bure picha zake zisizo na hakimiliki, kubwa kabisa, unaona hadi nyuzi. Pakua hiyo. Nimechapisha tena, 5,000.

Sheria zangu mpya: nachora mchana tu, dirishani, nikitazama karatasi. Simu ni ya kukuzia sehemu ndogo.

12 Aprili

Nimekimbia njano nikaangukia majivu. Kwa vivuli niliongeza nyeusi, kwa mwanga nikaongeza nyeupe. Inaonekana ni akili ya kawaida. Mama amesimama mlangoni, akaitazama muda.

"Huyu mbona amepauka hivi? Hajapaka mafuta?"

Mama, nampaka mafuta tangu Februari.

Lakini amesema kweli kuliko mafunzo yote niliyotazama. Ngozi nyeusi iliyopauka ndiyo hiyohiyo niliyoichora: nyeupe imekaa juu yake kama vumbi.

26 Aprili

Wiki mbili sijagusa picha. Nimekata vipande vya marekani iliyobaki, nikavipaka msingi, nikajaza vidoa vya rangi, kila kimoja nimeandika chini yake nimechanganya nini. Kisha nakiweka juu ya uso wa Pareja kwenye karatasi: kikipotea machoni ndicho, kikionekana sicho. Hapa ndipo nilipojifunza kuliko mahali pengine pote, nitaeleza kwa kirefu.

Ngozi yake haina rangi moja iliyopunguzwa na kuongezwa mwanga. Pale penye mwanga wa wastani, yaani shavu na ubavu wa pua, ni nyekundu kuliko nilivyodhani: amba ya kuchoma, nyekundu ya udongo karibu nusu ya hiyo, okari kidogo. Kivuli hakina nyeusi hata chembe. Ni amba na ultramarini, na tone la nyekundu ili kisife. Nyeusi ya mfupa ukiitia kwenye ngozi inaizima kama mshumaa.

Ila kwenye mng'ao nyeusi inarudi. Ule mwanga wa paji la uso niliudhani ni kahawia iliyotiwa nyeupe nyingi. Nimeukuza: ni kijivu. Ni kijivu cha ubaridi karibu buluu, kilichowekwa juu ya kahawia yenye joto, na kwa kuwa jirani yake ni nyekundu, jicho linaona mafuta yaking'aa kwenye ngozi. Ukichanganya nyeupe na nyeusi ya mfupa kidogo unapata kijivu hicho chenye ubuluu bila kufungua tyubu ya buluu. Tia okari kidogo sana, kisha weka pigo moja la brashi uache. Ukilisugua linachanganyika na la chini, mtu anapauka tena.

Na titani. Kwa kuwa ina nguvu kuliko nyeupe ya risasi, kipimo cha punje ya mchele kinafanya kazi ya punje nne. Sasa sichoti nyeupe moja kwa moja. Naichanganya kwanza na okari pembeni ya kioo ninachochanganyia rangi, nachota hapo.

Mama amerudi kuangalia vidoa, akagusa kimoja. "Hiki ni cha mjomba wako." Ni kweli, ni rangi ya mjomba.

Pareja naye akawa mchoraji. Picha yake ya Mtakatifu Mathayo akiitwa na Yesu, ya mwaka 1661, iko jumba la makumbusho la Prado, Madrid, na amejichora humo, amesimama ukingoni kushoto ameshika karatasi. Nimeitazama nikiwa na vidoa vyangu mkononi. Amejichora mweupe kuliko Velázquez alivyomchora. Sina la kusema juu ya hilo, lakini vidoa vyangu vya mwanga wa juu kabisa ndivyo vinavyokaa kwenye uso ule.

10 Mei

Uso umekamilika kwa tabaka mbili. Nguo na ukuta wa nyuma nimepaka kwa siku tatu: kijivu chenye ukijani, kwa nyeusi, okari na nyeupe. Nyeusi na okari hutoa kijani cha namna yake, hakuna haja ya kununua kijani.

Mvua za masika zimechelewesha kila kitu. Na sehemu za joho zimefifia, zimekuwa kama lami ya zamani huku nyingine zinang'aa. Tabaka la chini limenyonya mafuta. Dawa: pakavu kabisa, paka mafuta ya kitani kiasi cha kufuta kwa kitambaa, subiri robo saa, futa yote uwezayo. Rangi inarudi mbele ya macho yako.

Kosa moja sikulijua wakati nalifanya: kwenye kona ya juu niliweka nyeusi nzito yenye mafuta mengi, na kabla haijakauka sawasawa nikapitisha juu yake kijivu chepesi cha tapentaini. Sheria ni tabaka lenye mafuta machache chini, lenye mengi juu. Niliisoma Januari.

25 Mei

Kola. Lesi nyeupe pana iliyoshuka mabegani, na nilijaribu kuichora tundu kwa tundu. Nikafika tundu la kumi na moja. Mkono ulikuwa unatetemeka na kola inafanana na chujio la chai.

Jirani yetu mmoja alikuwa mchora mabango ya maduka kabla mashine za kuchapisha hazijawamaliza. Nilimpelekea picha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huyu bwana ni nani, mbona ananitazama?"

Sifa kubwa kuliko hiyo sijapata. Akanionyesha kifimbo chake cha kazi, urefu wa mkono, kichwa kimefungwa kitambaa: unakiegemeza ukingoni mwa fremu, unakishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia unapumzika juu yake na kutetemeka kunakwisha. Nimejitengenezea cha fimbo ya ufagio. Kisha akaniambia nirudi nyuma hatua sita. Kutoka hapo, kola ya Velázquez ni lesi. Ukisogea pua kwa pua ni mapigo manene ya nyeupe yaliyorushwa, mengine hayajagusana hata. Hakuchora tundu hata moja.

Nikakwangua kola yangu kwa kisu cha siagi, nikaipiga upya kwa dakika arobaini. Upande mmoja umetoka vizuri. Mwingine unafanana na chujio bado, ila chujio lililo mbali.

8 Juni

Macho yalinichukua Jumamosi nne, sitayaeleza. Tatizo lilikuwa lilelile la kuchora kope moja moja badala ya kivuli chake. Jicho lake la kulia nimeliweka juu kwa milimita mbili hivi na limekauka hivyo. Watu hawalioni mpaka niwaambie, na mimi huwa nawaambia.

Nimeacha hapa. Gharama bila vanishi: 224,000. Ndani yake kuna kama 30,500 za kulipia ujinga: fremu ya kwanza, kopo la geti, thina, nakala ya njano na nusu ya marekani. Ukifuata njia hii bila makosa yangu unaweza kufika chini ya laki mbili, na tyubu zangu zina zaidi ya nusu kila moja, ukiacha nyeupe.

14 Desemba

Vanishi inasubiri miezi sita, ili mafuta yakauke mpaka ndani. Leo nimeipaka, 26,000, jumla imefika robo milioni. Koti moja nyembamba, picha imelazwa chini, madirisha wazi, na chandarua juu yake kwa sababu ya wale mbu.

Kona ya juu imepasuka: nyufa sita nyembamba, palepale pa nyeusi nzito ya Mei. Nimezihesabu na kuzipiga picha, nione kama zitaongezeka. Mama ameitundika sebuleni, upande wa kalenda. Wageni wanauliza ni babu wa upande gani.